Betri Ikae Wapi?

Gari dogo tulilolijenga Kyela lina viti viwili na halina paa. Kila anayeliona huuliza injini yake ni ya gari gani na linakimbia kiasi gani. Wachache sana huuliza betri iko wapi, na hao wachache karibu wote ni mafundi. Nataka kuandika kuhusu swali hilo la wachache, maana ndilo lililotukalisha chini muda mrefu kuliko maswali mengine yote ya ujenzi ule. Lilitufanya tubishane, tukapiga hesabu kwa chaki sakafuni, na mwishowe tukashuka ziwani kuwauliza watu ambao hawajawahi kumiliki gari.

Mzizi wa gari lenyewe ni Corolla DX, ile KE70 ambayo wazee wa gereji bado wanaitaja kwa heshima. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu nyuma ya gereji ya mjomba, lakini injini yake ya 4K, yenye sentimita za ujazo 1,290, ilikuwa nzima, pamoja na gia boksi na difu. Kwa anayetaka kujenga gari la michezo nyumbani, DX ni mali. Injini iko mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, na hakuna fundi wa rika la mjomba asiyeijua. Wazo halikuwa letu. Mwingereza Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven mwaka 1957, gari jepesi la mabomba na mabati ambalo mnunuzi angeweza kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Mwaka 1996 Mwingereza mwenzake, Ron Champion, akatoa kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida jinsi ya kuchomelea chesisi ya namna hiyo kwa mabomba ya mraba na kuitumia injini ya gari kuukuu. Binamu yangu, aliyekuwa akisomea ufundi Mbeya, ndiye aliyetuletea habari hizo.

Ila waliobuni magari hayo hawakuwa na Kyela akilini. Sisi tuko bondeni, chini ya mita 500 toka usawa wa bahari, milima ya Livingstone ikiwa mashariki na Rungwe ikiwa kaskazini. Mvua inayonyesha huko juu inateremka kwetu kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na sisi wenyewe tunanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mpunga wetu unasifika nchi nzima. Ndiyo maana pia, ikifika Aprili, kuna njia za vijijini ambazo hujui kama unaendesha barabarani au mtoni. Gari la chini kama letu, ambalo dereva akinyoosha mkono nje anagusa ardhi, lina jambo la kujibu hapo.

Kwetu betri ilitangulia umeme. Kabla nguzo hazijafika vijijini, aliyekuwa na redio kubwa au televisheni ndogo aliiwasha kwa betri ya gari, na ikiisha chaji iliwekwa kwenye keria ya baiskeli, ikafungwa kwa mipira ya tairi na kupelekwa Kyela mjini. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kazi hiyo. Nakumbuka suruali yake ya kaki ilivyokuwa na matundu pajani, madogo madogo, yenye kingo za njano. Hakuyaona yakitokea; aliyaona baada ya kufua. Maji ya betri hayaunguzi nguo papo hapo kama moto. Yanakaa, yanakula uzi taratibu, na siku ya kufua kitambaa kinaachia. Tangu hapo nimeiheshimu betri kuliko kifaa kingine chochote cha gari. Ni boksi la asidi ya salfa na madini ya risasi, na linataka kusimama wima, kutulia, na kuachiwa hewa.

Basi siku chesisi ilipoanza kuonekana umbo, mabomba yakiwa yameshikizwa kwa nukta za welda tu, fundi wetu wa umeme alifika na betri ya N50 begani. Akaiweka juu ya bati linalotenganisha injini na miguu ya abiria, akasema, "Hapa. Staata iko hapa chini, waya mfupi, kazi imekwisha."

Binamu akakataa palepale. "Kaka, mbele kuna injini tayari. Unaongeza uzito mbele, tena juu. Ipeleke nyuma kabisa, nyuma ya ekseli."

Mjomba, ambaye kwa kawaida huwaacha vijana wabishane hadi wachoke, aliuliza kitu kimoja: "Na tangi la petroli mtaliweka wapi?"

Kila mmoja wao alikuwa na hoja ya kweli, na hoja hizo zilikuwa zikivutana.

Tuanze na ya fundi umeme. Staata ndiyo mlaji mkubwa wa umeme katika gari la petroli. Kwa ile sekunde moja au mbili ya kuwasha, injini ndogo kama yetu inaweza kuvuta ampea 150, pengine zaidi. Umeme mwingi kiasi hicho ukipita katika waya mrefu na mwembamba, sehemu yake inapotea njiani na kugeuka joto. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 10, ukiwa na urefu wa mita mbili na nusu, unapoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea hizo. Betri ya volti 12 iliyochoka kidogo haina nusu volti ya kugawa. Waya ukiwa wa milimita za mraba 35, upotevu unashuka hadi chini ya theluthi moja ya huo. Kwa hiyo betri inaweza kukaa mbali na staata, ila umbali huo unalipiwa kwa shaba.

Hoja ya binamu ilihitaji chaki. Gari letu lina mita 2.3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na N50 ikiwa na maji yake ina kilo 14 hivi. Ukiiweka pale alipoitaka fundi umeme, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya mbele, kilo zaidi ya kumi zinabebwa na magurudumu ya mbele. Ukiiweka nyuma ya kiti, mita mbili toka ekseli ya mbele, kilo 12 zinahamia nyuma. Lakini ukiipeleka nyuma kabisa kama alivyotaka binamu, sentimita 40 kupita ekseli, ekseli ya nyuma inabeba kilo 16 na zaidi, kuliko uzito wa betri yenyewe, kwa sababu betri sasa inaning'inia na inainua pua ya gari kwa kilo mbili na ushee. Tulipofika hapo binamu alinyamaza, akafuta mstari wake wa chaki kwa kiatu. Gari linalopepesuka mkia kwenye kona linatokana na mambo kama hayo: vitu vizito vilivyosukumwa nje ya ekseli kwa sababu tu huko kulikuwa na nafasi.

Jambo hili limewasumbua hata wenye viwanda, na kila mmoja alijibu kwa namna yake. Volkswagen Beetle ilificha betri chini ya kiti cha nyuma. Ni mahali pazuri kwa uzito, ila abiria mnene akikaa, springi za kiti zingeweza kugusa vichwa vya betri kama kifuniko hakipo, na magari yameungua kwa sababu hiyo. Land Rover Defender iliiweka chini ya kiti cha mbele cha abiria. MGB ya Waingereza, kwa miaka mingi, ilibeba betri mbili za volti sita nyuma ya viti, chini kwenye sakafu. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, iliiweka ndani ya buti na kuipa mrija wa kutoa gesi nje. Na Fuso, ambazo tunaziona kila siku zikipanda Tukuyu na mizigo, zinaning'iniza betri mbili ubavuni mwa chesisi. Dereva wa lori hajali kona, anajali kuifikia betri upesi akiwa porini.

Mimi nilivutwa na ile ya MGB, nyuma ya kiti, mbele ya ekseli. Lakini ilibaki hofu ya maji. Gari letu sakafu yake iko chini sana, na betri iliyokaa sakafuni ingeoga kila mvua. Maji ya mvua yenyewe hayaui betri mara moja. Kinachofanya kazi hiyo ni tope linaloganda juu ya kifuniko kati ya vichwa viwili na kutengeneza njia ya umeme kuvuja polepole usiku kucha, pamoja na kutu inayokula vibanio. Asubuhi unakuta staata inalia *tik, tik*, na unailaumu betri.

Ndipo mjomba akasema twende Matema, kwa wavuvi wa ziwani.

Wakati huo lami ilikuwa haijafika, na njia ya Kikusya kwenda Ipinda hadi Matema ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika. Tulifika jioni, wavuvi wakijiandaa kutoka. Pale Matema usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi wengi wanatumia taa ndogo za umeme zenye mwanga mkali, na taa hizo zinawashwa na betri, nyingine ni za pikipiki, nyingine ni N50 kama yetu. Watu hawa wanaziweka betri ndani ya vyombo vyenye maji ndani na nje, katika ziwa ambalo upepo wa kusini ukiamka lina mawimbi ya kuogopwa. Na betri zao zinadumu.

Mjomba alimsalimu mzee mmoja aliyekuwa akipanga nyavu. Nami nikamwamkia, "Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza shida yetu. Hakucheka wala hakushangaa. Alituonyesha ndani ya chombo chake. Betri ilikuwa katikati, karibu na mstari wa chini kabisa, lakini haikugusa sakafu. Ilikalia ubao uliopigiliwa juu ya mbavu mbili za chombo, kiasi cha shubiri moja kutoka chini, ili maji yanayojikusanya yapite chini yake. Ilikuwa ndani ya dumu la plastiki lililokatwa nusu, dumu lile lile la mafuta ya kula, na kamba ilipita juu yake mara mbili na kufungwa kwa fundo ambalo mkono mmoja unaweza kulifungua gizani. Pande za dumu zilikuwa na matundu karibu na kingo. Nilipouliza matundu ni ya nini, alisema betri ikiwa inafanya kazi inapumua, na ukiifunga kabisa itakulipukia.

Alikuwa sahihi kabisa. Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia nne tu ya hewa iliyofungiwa, cheche moja inatosha.

Nilimuuliza pia kwa nini betri haiko nyuma, karibu na anayeongoza chombo, ambako ndiko kwenye nafasi. Alinielekeza kwa kidevu kule Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi wa Ikombe hufika kwa mitumbwi siku ya soko. "Uliwahi kuona vyungu vinapangwa ncha ya mtumbwi?" Sikuwahi. Vikubwa hukaa katikati na chini, vidogo ndivyo vinavyofuata kwenda pembeni. Mtumbwi wenye uzito katikati unainuka juu ya wimbi na kushuka nalo. Wenye uzito kwenye ncha unalichoma wimbi.

Kile tulichokuwa tukikihesabu kwa chaki, wenye ziwa walikuwa wakikifanya kila jioni.

Tuliporudi gereji ubishi ulikuwa umekwisha. Betri ingekaa nyuma ya kiti cha abiria, upande wa kushoto, mbele ya ekseli. Kushoto kwa sababu dereva wetu hukaa kulia, na gari jepesi linamhisi dereva. Betri ya kilo 14 haiwezi kumsawazisha mtu wa kilo 75; kwa hesabu yetu inarudisha sehemu ndogo tu ya mwelemeo wake, lakini hiyo sehemu tumeipata bure. Chini yake tulichomelea fremu ya vyuma vya pembe iliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa shubiri ile ile ya Matema. Tulikubali kupoteza kidogo upande wa uzito wa chini ili kukwepa maji. Mjenzi wa Uingereza angeiteremsha zaidi, na kule angekuwa na haki.

Kushika betri ni kazi ambayo mafundi wengi wanaidharau, nami nitaisemea. Betri nyingi barabarani zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, wengine kwa waya wa kufungia nondo. Barabara mbovu inaitikisa betri, na ndani yake vibamba vya risasi vinapukutisha unga unaokwenda kukaa chini. Unga ukijaa hadi kugusa vibamba, chumba kimoja kinapiga shoti na betri imekufa. Mwenye gari ataambiwa amenunua betri feki. Zaidi ya hapo, gari likipinduka au kugonga, betri isiyoshikwa ni jiwe la kilo 14 nyuma ya kisogo cha abiria. Sisi tulipitisha bapa la chuma juu ya betri, tukalivalisha mpira ili lisiguse vichwa, na boliti zake mbili zinakwenda hadi kwenye bomba la chesisi lenyewe. Bati la sakafu halikupewa kazi hiyo.

Swali la mjomba kuhusu petroli lilipata jibu la chuma. Tangi liko nyuma ya ekseli, na kati yake na betri tuliweka bati zima lisilo na tundu hata moja. Waya mkuu haukupita upande wa tangi kabisa. Mrija wa gesi unatoka juu ya boksi tulilolifunikia betri na kushuka chini ya sakafu, mbali na bomba la ekzosi ambalo tulilipitisha upande mwingine wa gari.

Kwa waya tulitumia kebo ya mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 35. Ni laini, ina nyuzi nyingi za shaba, na inavumilia mtikisiko kuliko waya mgumu. Fundi umeme aliipitisha juu ya handaki la gia boksi ndani ya mpira, akaweka swichi kubwa ya kukatia umeme ambayo dereva anaifikia akiwa amefunga mkanda, na mtu aliye nje anaifikia pia bila kufungua chochote. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulisahau: alivuta kebo ya pili, ya kurudi, kutoka kwenye injini hadi kwenye chesisi. Injini imekalia mipira. Umeme uliokwenda kwenye staata lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na usipopewa njia nene utajitafutia nyembamba, mara nyingine waya wa mafuta wa kanyagio, ukauchemsha hadi ukakwama.

Kupima gari tuliazima mizani nne za ghala, zile za kupimia kakao na mpunga, tukaweka gurudumu moja juu ya kila mizani, dereva akiwa ndani na tangi likiwa nusu. Karani wa ghala alisimama na daftari lake akisoma namba kwa sauti kama siku ya mauzo. Mbele na nyuma zilikuwa karibu sawa, nyuma ikizidi kidogo. Kulia ilizidi kushoto, kama tulivyotarajia. Tulipoitoa betri na kuiweka mahali pa kwanza pa fundi umeme, mizani zikasema yale yale yaliyokuwa sakafuni kwa chaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema irudishwe nyuma.

Mvua zilipokuja, gari lilivuka maji ya kufika usawa wa sakafu, na sakafu ikaingia tope. Tulifungua kifuniko cha boksi. Betri ilikuwa kavu, vibanio vikavu, na nilipoipima asubuhi yake ikiwa imelala ilinipa volti 12.6, kipimo cha betri yenye chaji kamili.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaojenga magari wanaongezeka, na swali la betri linakua pamoja nao. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha gari lake la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Hapa kwetu mchoraji Masoud Kipanya alizindua la kwake mwaka 2022. Katika magari hayo betri si kilo 14 za kutafutiwa kona, ndiyo mzigo mkuu wa gari, na asiyejua kuipangia mahali ile ndogo hataiweza kubwa.

Kwa hiyo, wewe unayejenga Kyela, Tukuyu au popote, nakuomba: usimalizie chesisi kabla betri haijapata mahali. Shikiza mabomba kwa nukta tu. Chukua boksi la mbao la ukubwa wa N50, sentimita 26 kwa 17 na kimo cha zaidi ya 20, lijaze mchanga hadi lifike kilo 14, lihamishie kila mahali unapopafikiria na upime kila mara. Juu yake acha nafasi ya mkono na spana namba 10, na usianze kuchomelea moja kwa moja mpaka mkono huo umeingia na kutoka bila kugusa chuma.